Kingori Aliyerudi

Ruring'u kote, pembeni mwa mji wa Nyeri, hutakosa nyanya mwenye mume wa miaka mitano. Ndivyo walivyo wanawake wa huku: mjukuu akipewa jina la babu yake, basi babu amerudi nyumbani, na nyanya hana budi kumpokea. Utawasikia wakiwa mlangoni na wajukuu wao. "Mume wangu, leo umeniletea sukari?" "Mume wangu, mbona umeninunia, ni nani amekuudhi?" Mtoto anacheka, nyanya anacheka, na majirani wanatia chumvi. Ni mapenzi hayo, na pia ni heshima kwa aliyetangulia.

Wakonyo peke yake hakuwa na utani huo. Mjukuu aliyeishi naye aliitwa Kingori, jina la marehemu mumewe, lakini hakuwahi hata siku moja kumwita mume wangu. Alimwita "wewe". Akiongea na watu alisema "huyu mtoto wa Mukami", kana kwamba Mukami si binti yake wa kumzaa. Akina mama wa kanisani walipomchokoza mara ya kwanza, "Wakonyo, mzee wako hajambo?" alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri. Hawakurudia. Waliojua sababu walijua, na wasiojua walinong'onezewa.

Kuliruka jina nako hakukuwezekana. Mukami alizaa bila ndoa, na mtoto wake wa kwanza wa kiume alikuwa wa kupewa jina la babu mzaa mama, Wakonyo apende asipende. Jina halirukwi. Wakonyo mwenyewe ndiye aliyelitamka pale wodini, huku akiangalia ukuta.

Basi siku mwalimu Valentine wa shule ya chekechea alipotokea kibandani alikouzia chakula, karibu na lango la uwanja wa michezo, amemshika Kingori mkono, Wakonyo alijua hakuna heri. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Mabenchi yalijaa mafundi na vijana wa mazoezi, kila mmoja na sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe.

"Cucu, huyu mtoto amenishinda," Valentine alisema, akimwita nyanya kwa Kikuyu, bila hata kumvuta kando. "Ako na madharau. Namwita jina, ananiangalia tu. Macho kwa macho, na hajibu."

"Ameharibu kitu?"

"Hajaharibu kitu. Ni vile ako. Leo walikuwa wanacheza duka. Zamu yake ya kuuza imefika, wenzake wanamwambia tupatie mkate, yeye anawakodolea macho tu. Wamengoja wakachoka, wakamsukuma. Saa hii hakuna mtoto anataka kukaa karibu na yeye. Wanamwita sanamu."

"Umempiga?"

"Cucu, si mnajua tumekatazwa kupiga watoto."

"Mimi sijakatazwa."

Wateja wakacheka. Fundi mmoja mzee mzee, mdomo umejaa mahindi, akapata la kusema. "Wacheni mtoto. Huyo ni mzee Kingori mwenyewe! Kwani mmesahau? Ulikuwa unamsalimia njiani, anakuangalia tu, mpaka unaenda zako na aibu yako." Akacheka peke yake. Jirani yake alimkanyaga mguu chini ya meza, na fundi akainamia sahani yake ghafla.

Wakonyo aliendelea kupakua, lakini upawa uliikosa sahani, na maharagwe yakamwagika mezani. Mtoto alikuwa amesimama pale pale alipoachwa. Alikuwa akimtazama nyanya yake. Macho makubwa, wazi, yametulia, hayana ombi wala hofu ndani yake. Wakonyo aliyajua macho hayo. Alilala na mwenye macho hayo kitanda kimoja, kabla ya kumhamisha.

Alimpiga kofi mbele ya watu. Mtoto akashtuka, akaanza kulia, akauliza, "Cucu, nimefanya nini?" Na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana yule wa kwanza naye alikuwa akiuliza hivyo hivyo.

*

Jioni, kabla jua halijazama, alimpigia Mukami simu. Mukami alikuwa Timau, alikofunga maua katika shamba moja la kule.

"Kuja uchukue mtoto wako."

"Mami, nimpeleke wapi? Nakaa chumba moja na Shiro na mtoto wake. Hata kitanda tunagawana."

"Sijui. Mimi siwezi kukaa na yeye nyumba moja tena."

"Kwani amefanya nini?"

"Ananiangalia."

Kule Timau mtu alikuwa akiburuta ndoo.

"Mami," Mukami alisema polepole, "huyo ni mtoto wa miaka mitano."

"Kingori hana miaka mitano," Wakonyo akajibu, akakata simu.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na ndiyo maana hakikuisha. Kabla ya Mukami kulikuwa na Murugi, kifungua mimba, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Asubuhi moja Wakonyo aliingia jikoni na maziwa kutoka kwa ng'ombe. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe mkononi, na karibu na goti lake Murugi ameshika mshikio wa sufuria ya uji uliokuwa ukitokota. Mwanamume alikuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akimtazama kabisa! Angenyoosha mkono tu. Hakunyoosha. Sufuria ikaja na uji wake wote. Kikombe kilipoanguka ndipo Kingori aliporuka, akatia mikono yake yote miwili ndani ya uji ule, akaungua mpaka viwiko. Murugi hakutoka hospitali akiwa hai.

"Sikuona," Kingori alisema. Aliwaambia wazee, akamwambia mchungaji, akamwambia mkewe usiku na mchana. Sikuona. Nani angeamini? Macho yalikuwa wazi. Wakonyo alihamishia kitanda cha mumewe kwenye stoo, karibu na zizi, na tangu siku hiyo chakula chake kikawa kinaachwa kizingitini. Mimba ya Mukami ilikuwa tayari tumboni. Mtoto huyo alizaliwa, akakua, akafunzwa kwamba kuna mwanamume anayeishi pale nyuma na kwamba hasalimiwi. Kingori alipokufa, watu walitupia udongo kaburini, mkewe akakaa na udongo wake mkononi mpaka ukakauka.

Sasa alikuwa amerudi, mdogo, na kamasi puani. Amerudi kufanya nini? Hilo ndilo lililomnyima Wakonyo usingizi. Mtu aliyekosewa hurudi kudai, na aliyekosa hurudi kuomba. Huyu hakudai wala hakuomba. Alitazama tu.

*

Mukami alifika Jumamosi na mfuko wa mkate na viazi vya Timau. Hakumfokea mtu. Alimpakata mwanawe pale uani, akamuuliza habari za ndama mpya.

"Ako na alama nyeupe hapa," mtoto alisema, akijigusa paji la uso. "Na jana alitoroka, akaenda kwa shamba ya mama Wamucii, akakula—"

Akanyamaza. Mkono ulibaki hewani. Kope zilikuwa zikipepesa kidogo sana, na midomo ikichezacheza kama ya mtu anayeonja chumvi. Mukami alingoja. Akamwita. Akapitisha kiganja mbele ya macho yake, na macho hayakukifuata.

"—sukuma wiki yote," mtoto akamalizia, akacheka. "Mama Wamucii alimkimbiza na fagio!"

Mukami hakucheka. "Mami, inakuanga hivi?"

"Hivyo ndivyo anavyonifanyia. Umeona sasa?"

"Nimeona. Lakini nimeona kwa mtoto wa Shiro pia, hivi hivi. Hata yeye walisema ni kiburi. Akapelekwa akapimwa kichwa na mashine, wakapata ni ugonjwa. Anakunywa dawa, na saa hii ako tu sawa."

"Mashine inapima ugonjwa. Inapima mtu aliyerudi?"

"Aki, Mami."

"Usiniambie aki. Wewe hukuwa jikoni siku hiyo."

Mukami alimshusha mtoto, akamtuma akachungulie ndama. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyepanga maneno yake njia nzima. "Sikia. Nimeomba ruhusa mpaka Jumanne. Jumatatu tunampeleka kwa daktari hapa mjini. Lazima wewe ukuje, kwa sababu wewe ndiye unakaa na yeye, wewe ndiye utaeleza. Ukifanya hivyo, tukitoka huko naenda na yeye Timau na hutamwona tena hapa. Ukikataa, namwacha."

Wakonyo akakubali haraka mno. Binti yake alimwangalia kwa huzuni, naye Wakonyo akajifanya anachochea moto.

*

Daktari Meera alizaliwa papa hapa Nyeri, katika familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa, na aliwasalimia kwa Kikuyu cha sokoni hata Wakonyo akasahau kununa. Alimketisha Kingori kwenye kiti kirefu, akampaka dawa nzito ya kunata hapa na pale kichwani, akabandika nyaya moja moja mpaka kichwa chote kikajaa. Mtoto alifurahia. Aliuliza kama sasa yeye ni redio.

"Wewe ni redio, na mimi nitasikiliza stesheni," daktari alisema. "Ubongo unaongea kwa umeme mdogo sana, mama. Hii mashine inauandika tu. Hauingii umeme kwake, hauumizi." Kwenye kioo mistari mingi ilikuwa ikitembea pamoja, midogo, yenye haraka, haina mpango ambao Wakonyo angeuona. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, akiomba kimoyomoyo wamalize.

Daktari alimpa mtoto kipepeo cha karatasi kwenye kijiti. "Puliza kizunguke. Usiache mpaka nikuambie."

Kingori akapuliza. Kipepeo kikazunguka, kikazunguka, mashavu yakavimba, Mukami akawa anamshangilia. Halafu kipepeo kikapunguza mwendo. Kikasimama. Na papo hapo mistari yote kwenye kioo iliinuka, yote kwa pamoja, mikubwa, ikipanda na kushuka kwa mpigo mmoja, juu chini, juu chini, mistari yote inafuata ngoma moja.

"Ndizi," daktari alimwambia mtoto sikioni. "Kingori, ndizi." Akapiga makofi.

Wakonyo hakujua alisimama vipi. Macho yale yalikuwa wazi, na yalikuwa yakielekea kwake, naye akayaendea kama mtu anayevutwa kamba. Akasimama mbele ya mtoto, karibu kabisa, uso kwa uso. Hakuwahi kuyatazama hivyo kwa muda mrefu. Siku zote alikuwa mwepesi wa kuinua mkono. Sasa alitazama ndani, akatafuta dharau, akatafuta deni, akamtafuta mume wake. Alijiona yeye mwenyewe tu, mdogo, na kitambaa chake kichwani.

Mistari ikatulia ghafla. Mtoto akavuta pumzi, akainua kipepeo apulize, kisha akaruka nyuma kwa mshtuko.

"Cucu! Umefika hapa saa ngapi?"

"Nilikuambia neno gani?" daktari akamuuliza.

"Hujaniambia neno."

"Na cucu alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwa kiti." Akageuka kukitafuta kiti, akakiona kitupu, akashangaa.

Wakonyo akamshika daktari mkono wa koti. "Hakuniona?"

"Hakukuona, mama."

"Macho yalikuwa wazi."

"Yalikuwa wazi. Lakini kwa muda ule hakukuwa na mtu ndani wa kuona."

*

Daktari alieleza pole pole, akiwaonyesha mistari kwa kalamu. Ilikuwa kifafa, lakini si kile cha kuanguka na kutoa povu. Hiki humkata mtoto kwa sekunde chache, kisha humrudisha, hata mara nyingi kwa siku moja. Yeye mwenyewe hajui. Wenzake wanampa zamu mchezoni, na wakati huo amekatika. Mwalimu anauliza, amekatika. Wanamwona ana maringo, wanamtenga, na mtoto asiyechezwa naye hukua bila kujua jinsi ya kucheza na watu. "Ugonjwa ni wa kichwani, lakini jeraha linakuwa la urafiki," daktari alisema. "Kuna dawa. Wengi hupona kabisa. Ila asikae karibu na moto, wala maji, wala barabara, bila mtu wa kumwangalia. Kwenye familia, kuna mwingine aliyekuwa na hali hii?"

"Hakuna," Mukami alisema.

"Yuko," Wakonyo alisema.

Mukami akageuka. Wakonyo alikuwa akiongea na meza, wala si na mtu. Alieleza habari za kigoda, na kikombe, na mkono ambao haukunyooka. Hakuongeza chumvi wala hakulia. Alieleza kama anayetoa ushahidi, isipokuwa hakujua tena ni ushahidi dhidi ya nani. Alipomaliza, daktari alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ni ugonjwa?" Wakonyo akauliza.

"Mama, siwezi kumpima mtu aliye kaburini."

"Umeona mistari ya huyu. Huyu ni damu yake."

"Inawezekana. Hali hii inaweza kutembea kwenye ukoo. Lakini pia mtu anaweza kuzubaa tu, akiwa amechoka, ama ana mawazo. Kumwangalia mtoto siwezi kumjua babu."

"Sema ndiyo. Ama sema hapana." Sauti ilimpanda. "Daktari, mimi nimekuwa na hapana miaka yote hii! Siwezi kutoka hapa na inawezekana."

Daktari Meera angeweza kudanganya, na huenda kulikuwa na huruma ndani ya kudanganya, lakini hakuwa mwanamke wa hivyo. Alitikisa kichwa.

"Na dawa hii," Wakonyo akauliza mwishowe, "wakati huo ilikuwako?"

"Dawa za ugonjwa huu zilikuwako, mama."

*

Nje ya kliniki kulikuwa na benchi ya mbao, mkabala na duka la dawa. Kingori alikaa mwisho wa benchi akila mandazi, kichwa kikinata ile dawa ya mashine, kijiti cha kipepeo kimechomekwa mfukoni mwa shati. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu toka asubuhi. Mama na binti walikaa kando yake, na Mukami akasema:

"Siku moja baba alinitengenezea kigari cha mti. Nilikuwa darasa la pili. Alikiacha kwa njia ya mto ili nikipate. Wewe ulijua ni cha nani, ukakitia motoni kikaungua."

Wakonyo hakukana.

"Ulinipiga nikisema asante."

"Nilikupiga."

"Basi mimi naenda na mtoto wangu." Mukami akasimama, akapangusa nguo iliyokuwa safi. "Ile basi ya mchana bado iko."

Hapo ndipo Wakonyo alipoona kwamba anapewa kile alichoomba. Juzi tu angempeleka mtoto huyu stendi mwenyewe, angembebea hata mfuko. Sasa alimshika Mukami mkono. "Niachie," akasema.

"Nini?"

"Niachie yeye. Huko Timau utamfungia chumbani ukienda kazini. Ni nani atamwangalia kwa jiko la Shiro? Dawa ni asubuhi na jioni, mimi niko hapo asubuhi na jioni. Kuuza githeri nitaacha. Sitawasha moto kama yeye yuko macho. Nitaenda kwa huyo Valentine nimweleze, na wale watoto niwaeleze, hata nikae kwa darasa na yeye wakinicheka. Mukami, mwanangu, niachie."

"Ulimpiga kofi mbele ya watu."

"Nilimpiga."

"Ukimwogopa tena?"

"Namwogopa sasa," Wakonyo alisema. "Lakini si vile nilikuwa nikimwogopa."

Mukami aliangalia mwisho wa benchi. Mtoto alikuwa ameacha kutafuna. Mandazi yalikuwa yamesimama karibu na mdomo, macho yanaelekea barabarani. Wakonyo alisogea, akaweka mkono nyuma ya mgongo wake asianguke, akangoja, na hakumwita. Mtoto akarudi, akang'ata mandazi, wala hakujua kitu. Mukami akaketi tena.

"Mpaka shule zifungwe," akasema. "Nikija nikipata alama hata moja kwa mwili wake, hutatuona tena, sisi wawili."

"Ni sawa."

"Na uniambie kitu moja. Mimi nilikatazwa kumjua, lakini wewe ulikaa na yeye kwa boma moja mpaka akakufa. Baba yangu alikuwa mtu wa aina gani?"

Wakonyo akafungua mdomo. Alitafuta wimbo alioupenda, alitafuta alichokuwa akikicheka, alitafuta kama alilala vizuri kule stoo wakati wa baridi ya Julai, na kama ile mikono iliendelea kumuuma. Alitafuta kwa bidii, kwa nia njema, huku binti yake akingoja. Alipata sahani kizingitini, na mlango.

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kumuuliza."